Kidonge cha Saa Tatu

Kila Desemba baadhi ya wenzangu kazini hutuma kadi za sikukuu, na ndani ya kadi huweka karatasi iliyochapwa yenye habari za familia yao za mwaka mzima: nani kahitimu, nani kaoa, wamehamia wapi, mbwa yupi kafa. Mara ya kwanza kupata karatasi ya namna hiyo nilicheka peke yangu ndani ya basi. Kwetu Tanga habari zako haziandikwi, jirani anazijua kabla hujamaliza kuzitenda.

Mwaka huu wa 2024 nimeelewa kwa nini wenzetu huandika. Ndugu wakinipigia kuuliza habari za mwaka, nawatajia mambo matatu: mtoto kafika Uingereza, mimi nimepata shahada, baba yake kapata kazi ya mchana. Wananiambia hongera, naitikia ahsante, tunaagana. Yote matatu ni kweli, lakini nikikata simu naona kama nimewaonyesha sebule na kufunga milango ya vyumba.

Kwa wasionijua, mimi ni muuguzi, nina miaka 34, tunaishi Leicester. Nilisoma stashahada ya uuguzi nyumbani, nikafanya kazi Dar es Salaam miaka sita, kisha Novemba 2021 nikaja huku. Binti yetu alikuwa na miaka minne na nusu. Nilimwacha Ngamiani kwa mama yangu, nikisema ni mwaka mmoja tu. Wengi mnaosoma hapa mnaujua huo mwaka mmoja. Kwanza ukanila mtihani wa vitendo wa kusajiliwa, ambao nilifeli mara ya kwanza kwa kusahau kumwuliza mgonjwa wa kuigiza kama ana mzio wa dawa. Kisha chumba cha kupanga ndani ya nyumba ya watu watano, choo kimoja. Mume wangu alipofika mwisho wa 2022 akaingia kazi ya usiku kwenye ghala, yeye aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Mimi nina zamu za saa kumi na mbili na nusu, na masomo ya shahada nimeshayaanza siku za mapumziko. Nani angekaa na mtoto? Basi mwaka ukazaa mwaka.

Mtoto ana jina la mama yangu. Kwetu hilo si jambo dogo. Mama humwita "somo" tangu siku aliyozaliwa, naye alimwita mama yangu "Mama". Mimi nilikuwa "Mama wa Ulaya". Jina hilo walinipa watoto wa barazani, wale waliokuwa wakimwita acheze wakisikia simu inalia: "Mama wako wa Ulaya huyo!" Nilikuwa nacheka. Nilituma pesa kila mwisho wa mwezi, nikatuma viatu vinavyowaka taa, nikaona nimefanya la mzazi.

Mwisho wa Desemba 2023 nilikwenda kumchukua. Mama alikataa kutusindikiza hadi Dar. Alisema miguu inamuuma, atatuaga palepale stendi ya Kange. Alfajiri ile alimvalisha sweta juu ya sweta, kama vile baridi ya Uingereza inaanzia Tanga, akampa kanga moja, ile aliyokuwa akijifunga usiku. Mtoto hakulia. Mama naye hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka na kupiga picha, maana siku hiyo nilikuwa nimeisubiri miaka miwili.

Basi likaenda. Mtoto alikaa dirishani bila neno mpaka Segera. Pale Segera, watu wanateremka kununua machungwa, ndipo aliponigeukia na kuniuliza: "Mama atarudi nyumbani na nani?"

Nikamwambia mjomba yupo, atamrudisha. Alikuwa anauliza zaidi ya hilo, lakini sikumsikia. Nilikuwa nahesabu mizigo.

*

Januari ya huku mnaijua. Saa kumi jioni ni giza. Tulikuwa tumepanga nyumba ndogo ya vyumba viwili, tumempakia chumba chake rangi ya njano, baba yake kanunua kitanda cha kupandia ngazi. Mtoto alikuwa na adabu. Alisema shikamoo, alisema ahsante, alikula alichopewa. Ila hakuniita. Si Mama, si Mama wa Ulaya, si chochote. Akitaka kitu alikuja kusimama karibu yangu, kimya, mpaka nigeuke nimwone. Nilikuwa naosha vyombo, nikihisi mtu nyuma yangu, nikigeuka ni yeye, kikombe mkononi. Baba yake alimwita Baba bila shida. Hilo liliniuma na sikulisema kwa mtu.

Wiki ya pili nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Ile kanga alikuwa analala nayo, kaiviringisha shingoni. Ilinuka moshi wa mkaa na mafuta ya nazi. Mimi nimetoka zamu, niko katika hali ile ya kuona vijidudu kila mahali, nikaitia kwenye mashine pamoja na sare zangu, nyuzi 60. Jioni nikamrudishia imekunjwa vizuri, inanukia sabuni ya maua.

Aliinusa. Akainusa tena upande wa pili. Kisha akaanza kulia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, si uwanja wa ndege, si siku ya kwanza ya shule. Alilia mpaka saa saba usiku. Baba yake alikuwa kazini. Nilikaa chini ya ile ngazi ya kitanda nikisema samahani, samahani, na hakutaka nimguse. Nilikuwa nimemfulia bibi yake.

Shuleni hakusema kitu kwa wiki sita. Mwalimu wake, mwanamke mtulivu, alituita akatuambia tusiogope, watoto wengi wanaoingia lugha mpya hukaa kimya kwanza wakisikiliza. Kisha akatuomba kitu kilichonishangaza: tuendelee kuzungumza naye Kiswahili nyumbani, Kiingereza atakipata shuleni. Ndugu wote walikuwa wametushauri kinyume chake. Mjomba wangu mmoja aliye Muscat alisema Kiswahili kitamchelewesha. Nikamshukuru mwalimu kwa moyo wote, kwa sababu ukweli ni kwamba Kiswahili ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho mimi na yule mtoto.

Aliyemfungua mdomo si mimi wala mwalimu. Wakaaji wa Leicester mnalijua lile eneo la barabara ya Belgrave, maduka ya Wahindi, mengi ya watu ambao wazee wao walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wengine walitoka Kenya na kwetu. Kuna duka la mboga nanunua bamia na mihogo. Mzee mwenye duka alimwona mtoto anatazama miwa iliyofungwa kwa plastiki, akainama akamwambia, "Toto, nataka muwa? Mimi mtoto ya Jinja, najua wewe nataka muwa."

Binti yangu akamtazama vizuri, akamwambia, "Mtoto wa Jinja."

Mzee hakuelewa. Akarudia: "Ndiyo, mtoto ya Jinja."

"Wa," akasema yeye. "Mtoto wa Jinja. Na muwa bei gani?"

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Tukapewa muwa bure. Tangu hapo kila Jumamosi ni lazima twende kumfundisha Kiswahili yule babu, naye humwuliza makusudi maswali yenye makosa. Hata hivyo njiani kurudi nyumbani hakuniita jina. Aliuliza tu kama muwa wa Jinja ni sawa na wa Muheza.

*

Machi na Aprili nazipita haraka, zilikuwa za kazi na kuandika. Nilikuwa na kazi ya mwisho ya shahada, naandikia kwenye meza ya jikoni baada ya saa tatu usiku.

Lakini kuna mtu nataka kumtaja. Tarehe 11 Machi ilianza ile sheria kwamba wahudumu wa wazee wanaoomba viza kuanzia siku hiyo hawaruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto. Sisi wauguzi haikutugusa. Mwezi Juni nikakutana kituo cha basi na binti mmoja kutoka Kakamega, ndiyo kwanza kafika, kaacha wavulana wawili kwa mamake. Tukazoeana. Siku moja nikamweleza, kwa kujionea huruma, kwamba mtoto wangu haniiti mama. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Dada, wako anakunyamazia akiwa kwa meza yako. Wangu wananyamaza kwa simu, na mimi najiambia ni mtandao."

Sikuwa na la kujibu. Na sikuacha kuumia pia, maana maumivu ya mwenzako hayatibu yako. Ila nilipunguza kulalamika.

Julai nikavaa joho. Tulipewa tiketi mbili, mume wangu na mtoto wakaja, na mtoto akalala kwenye mapaja ya baba yake kabla jina langu halijasomwa. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu huniandikia mkiuliza kama shahada ya kuunganisha ina faida. Nawajibu kama ilivyo: mwezi uliofuata mshahara wangu haukupanda hata senti. Niliisoma kwa sababu nafasi nyingi za juu zinaitaka, na kwa sababu nimechoka kusikia "una diploma tu". Hiyo sababu ya pili si nzuri sana, lakini ndiyo iliyonishikilia usiku.

Picha za joho nikazituma nyumbani. Mama akajibu kwa sauti, "Mashallah, umependeza, mwanangu. Somo hajambo? Anakula?" Nikamwuliza, kama ninavyomwuliza kila wiki, "Mama, dawa ya presha unameza?" Akajibu, kama anavyojibu kila wiki, "Nameza."

Hapo nisimame kidogo. Kule wodini sijawahi kumwuliza mgonjwa kama amemeza dawa nikaondoka na jibu lake. Nasimama mpaka ameze, ndipo nasaini. Ndiyo kazi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Kwa mama yangu nilikuwa nauliza kwa simu, na naamini, na naendelea na stori nyingine. Kuna na jambo jingine sijalisema popote. Mtoto alipoondoka Tanga, tulikaa mimi na mume wangu tukapiga hesabu: ada hakuna tena, sare hakuna, maziwa yamepungua. Kiasi tulichokuwa tukimtumia mama tukakipunguza karibu nusu. Tuliona ni haki. Tulisema hata na kwa sauti kwamba sasa mama atapumzika, tumemwondolea mzigo.

*

Mwanzo wa Agosti ulikuwa mbaya huku. Mnakumbuka, baada ya wale wasichana watatu kuuawa kule Southport, uongo ukaenezwa mtandaoni na watu wakaingia barabarani kwenye miji mingi kutafuta wageni na Waislamu. Leicester haikuchomwa, lakini kazini tuliambiwa tusitembee peke yetu usiku. Wiki ile nilivaa jaketi lenye kofia juu ya mtandio wangu, na ilikuwa joto. Mgonjwa mmoja bibi wa miaka 80 na kitu, mzaliwa wa hapa hapa, alinishika mkono nikimpima presha akaniambia, "Usiende popote, sawa?" Nikamwambia siendi.

Alhamisi usiku, tarehe 8, mdogo wangu akapiga. "Dada, usishtuke." Mtu akikwambia hivyo ameshakushtua. "Mama kadondoka bafuni. Mdomo umekwenda upande."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi, na sasa ni usiku?"

Walidhani ni upepo mbaya. Shangazi alimkanda na mafuta ya habasoda, mtu akaja akamsomea, kutwa ikapita. Siwalaumu, kwetu mdomo ukipinda ndivyo watu wanavyofanya, na dua si kosa. Kosa ni saa zilizopotea. Mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito: hiyo ni hospitali, dakika hiyo hiyo, dua mtasoma ndani ya bajaji. Nilikuwa nimefundisha hayo kwa Kiingereza kwa familia za watu kwa miaka mitatu. Kwa Kiswahili, kwa nyumba yetu, sikuwahi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kazini nikapewa siku tano za dharura, nikaunga na za likizo, tukaruka mimi na mtoto. Mume wangu alibaki kwa sababu Septemba alikuwa anaanza kazi mpya, msaidizi wa mwalimu katika shule ya sekondari. Ghala kwaheri. Hata kumpongeza vizuri sikumpongeza.

Tulimkuta mama kaketi kitandani. Upande wa kushoto mzito, kauli nzito lakini inaeleweka. Wakati anapokelewa presha ilikuwa 196 kwa 112. Akamwona mtoto, na ule upande mmoja wa uso ukacheka. "Somo," akasema. "Umekuwa mrefu. Wanakupa nini huko?"

Baada ya siku nne tukamrudisha nyumbani. Jioni ile nyumba imejaa watu, shangazi, majirani, wake wa ndugu, kila mtu ana ushauri. Mtoto akapita katikati yao moja kwa moja hadi kabati la vyombo, akapanda kiti, akateremsha kikombe cha bati cha bluu, akatazama ndani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza nani kaacha mlango wazi:

"Nani anampa Mama dawa yake?"

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyejua kama kulikuwa na mtu anayempa.

Akatueleza. Kila asubuhi, akishanawa uso, kabla ya kuvaa sare, alijaza maji kikombe kile, akachukua kidonge kwenye kopo la chai, akampelekea. "Akishameza anafungua mdomo. Natazama chini ya ulimi. Halafu ndiyo ananichana nywele."

Alikuwa na miaka mitano wakati huo. Hakuna aliyemfundisha kutazama chini ya ulimi.

Nikaenda kufungua kopo la chai. Vidonge vilikuwemo, karatasi kwa karatasi, havijaguswa. Mdogo wangu alikuwa ananunua kila mwezi kama nilivyomwagiza, anaweka pale, anaondoka. Nilivihesabu kwa mazoea ya kazi. Vilikuwa vya kuanzia Januari.

Usiku nikamwuliza mama, tuko wawili. Alinyamaza kwanza, akapangusa mdomo kwa ncha ya kanga. "Sikuacha kwa makusudi, mwanangu. Nilizoea kuletewa. Siku ya kwanza nikasahau, ya pili nikasahau, ya tatu nikaona kumbe hata nisipomeza siumwi popote." Ndivyo presha ilivyo, haiumi mpaka siku inapoangusha, na ndivyo wanavyoniambia nusu ya wagonjwa wangu. Kisha akaongeza, bila kunitazama: "Na nyumba ilikuwa kimya sana asubuhi."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua pa kushika. Tulikuwa tumechukua kutoka nyumba ile kitu tulichokiita mzigo, kumbe ndicho kilichokuwa kinamwamsha, kinamfungua mdomo na kumkagua ulimi kila siku ya Mungu.

*

Siku tatu kabla ya safari mtoto akasema harudi. Hakulia wala kupiga kelele. Alikuwa anakata kucha za bibi yake, za mkono ule mzito, akasema, "Mimi nabaki. Nani atampa dawa?"

Sitawadanganya, nilifikiria kumwacha. Nilimpigia mume wangu tukazungumza hadi salio likaisha, tukaendelea kwa mtandao. Yeye alisema hapana, halafu akasema sijui, halafu akasema uamuzi ni wako wewe uliye hapo, jambo ambalo mpaka leo sijamsamehe kabisa. Mke wa mdogo wangu alikuwa tayari kuhamia kwa mama. Kwa hiyo wa kutoa dawa alikuwepo. Lakini nilijua, na kila mtu alijua, kwamba tatizo si kidonge peke yake.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alimwita mtoto akae karibu yake kitandani, mimi niko mlangoni nakunja nguo.

"Mimi ni nani yako?"

"Mama."

"Mimi ni bibi yako. Sema."

Mtoto akanyamaza.

"Nilikuacha uniite mama kwa sababu mama yako hakuwepo na masikio yangu yalipenda. Sasa yupo. Mimi ni bibi. Yule pale anayejifanya anakunja nguo ndiye mama. Sema."

Alichukua muda mrefu. Kauli ya mama ilikuwa nzito, kila neno alilitoa kwa kazi, jasho linamtoka. Nilitaka kumwambia mama aache, asinipe kitu hicho, si hivi, si kwa namna hii. Nilifungua mdomo. Mama akaninyooshea ule mkono mzima nisiongee.

"Bibi," akasema mtoto.

Mama akatikisa kichwa. Kisha akageukia ukutani, akasema anataka kulala.

Watu wakisikia kisa hiki huniambia, "Basi ukapata mtoto wako." Sikuhisi hivyo. Nilihisi kama nimesimama dukani mtu mwingine akinilipia deni kwa pesa yake ya mwisho.

*

Nilimwachia mke wa mdogo wangu kipimo cha presha cha kidijitali, tukakubaliana. Binti yangu huku huamka saa moja asubuhi. Saa moja ya huku, kwa majira ya kiangazi, ni saa tatu ya Tanga. Basi kila siku saa tatu bibi yake anakaa na simu, kikombe cha bluu mkononi. Simu ya video inaita. Anapimwa, namba zinasomwa, mtoto anaziandika kwenye daftari lake la shule. Kidonge kinaingia. Mdomo unafunguliwa, simu inasogezwa karibu. "Inua ulimi, Bibi." Halafu mazungumzo, dakika kumi, kumi na tano, mpaka nipige kelele kwamba atachelewa shule. Kuku kataga, jirani kagombana, mwalimu kasema nini. Miezi minne sasa. Presha inacheza kwenye 140 na kitu, siku nyingine chini yake. Mkono wa kushoto umeanza kushika kikombe.

Jumapili ya tarehe 27 Oktoba saa za huku zilirudishwa nyuma na hakuna aliyekumbuka. Mtoto kaamka saa moja kama kawaida, kapiga simu, kakuta bibi yake kanuna. Kwa Tanga ilikuwa saa nne. Alikuwa kakaa na kikombe saa nzima, hataki kumeza wala kunywa chai. "Mmenisahau?" Ikabidi mwalimu wa hisabati aitwe aeleze mambo ya jua na majira. Mama akamsikiliza mkwewe kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema, "Saa za Wazungu zinarudi nyuma. Zangu mimi hazirudi." Sasa kidonge ni cha saa nne, lakini yeye bado anakiita cha saa tatu, na saa tatu ndiyo anayokaa kwenye kiti.

Pesa tumezirudisha zilivyokuwa, tukaongeza kidogo ya mazoezi ya viungo. Nimeacha mafunzo ya ziada niliyokuwa nimeombea mwakani. Kwa sasa siwezi. Desemba hii tumehangaika na zile kadi za ukaazi zinazokwisha tarehe 31, kufungua akaunti za viza za mtandaoni, picha ya mtoto imekataliwa mara nne kwa sababu anacheka. Mwisho ikapita moja aliyokunja uso.

Ananiita Mama, ndiyo. Ananiita hivyo tangu Septemba, kwa uangalifu, kama mtu anayetumia neno aliloazima. Mara nyingine usiku akiwa na usingizi linamtoka "Mama" la zamani, na nikiitikia anafungua macho kuona ni nani.

Leo asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya mwaka, nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimejilaza kwenye kochi na sare. Simu ya Tanga ilikuwa inaendelea jikoni. Nikasikia mama anauliza kitu, mtoto anajibu hajui. Akaja na simu na kipimo chetu cha hapa nyumbani.

"Bibi anasema, wewe yako umepima lini?"

Nikasema nimechoka, kesho.

"Anasema wauguzi ndio waongo wakubwa. Nyoosha mkono."

Nikanyoosha. Akaifunga ile mikanda kwa ustadi, akabonyeza, tukasubiri watatu, mmoja akiwa Ngamiani. 138 kwa 88. Mama akaguna. Mtoto akafungua daftari, akaziandika ukurasa wa nyuma, kwa sababu kurasa za mbele ni za bibi yake.